Bahasha au Mahakama? Mgeni Aliye Kifungoni na Wajibu wa Kanisa

Masomo: Matendo ya Mitume 16:35-40, 24:24-27, 25:23-27. Kumbukumbu la Torati 1:16-17.



Sisi Wapentekoste tunaipenda sana habari ya Paulo na Sila gerezani Filipi. Tumeihubiri kwenye kesha, tumeihubiri kwenye krusedi, na kila mara tunaishia mahali pamoja: usiku wa manane, sifa, tetemeko, milango ikafunguka, minyororo ikaanguka. Tunapiga kelele, tunaruka, tunafunga Biblia. Lakini sura haijaisha hapo. Kuna asubuhi yake, na hiyo asubuhi hatuihubiri sana.

Asubuhi wakuu wa mji walituma askari waseme hao watu waachiliwe. Hebu fikiria. Mlango uko wazi, na afande mwenyewe amesema nendeni zenu. Mimi na wewe tungekuwa tushafika steji. Paulo alikataa kutoka. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba wamepigwa hadharani bila kesi kusikizwa, wakatiwa ndani, na sasa wanatolewa kimyakimya kana kwamba hakuna kilichotendeka. La, waje wenyewe. Na wale wakuu wakaja, tena kwa hofu.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi mwezi huu, nikijiuliza: mtu ambaye Mungu mwenyewe amemfungulia mlango kwa tetemeko, kwa nini bado anataka serikali imjibu? Kwa nini asichukue muujiza wake aende?

Naona sababu iko kwenye mstari wa mwisho wa sura. Paulo alikuwa anaondoka Filipi, lakini Lidia alikuwa anabaki. Mlinzi wa gereza alikuwa anabaki na watu wa nyumba yake. Kanisa changa lilikuwa linabaki chini ya wakuu wale wale. Kama mtu anaweza kupigwa na kufungwa leo bila yeyote kuuliza kwa nini, kesho itakuwa zamu ya Lidia.

Yaliyotupata

Ninaandika haya kwa sababu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Ndugu mmoja wa ushirika wetu, ambaye sitamtaja jina, ni Mkongomani kutoka Kivu Kusini. Alikimbia vita. Hapa Ruiru anafanya kazi ya mjengo, na Jumapili yuko nasi. Ana karatasi ya mwombaji hifadhi, lakini tarehe yake ilikuwa imepita akiwa bado anangoja kuitwa aihuishe. Alhamisi moja jioni, akitoka kazini, alishikwa.

Akawekwa katika kituo kimoja, nacho sitakitaja. Ijumaa hakupelekwa kortini. Jumamosi mke wake alienda na chakula akaambiwa hiyo ni kesi ya imigresheni, haina bondi, haina kusomewa mashtaka, angoje tu. Alipokuwa anatoka, akaambiwa kwa sauti ya chini kwamba njia ipo, na njia yenyewe ni elfu ishirini.

Jumapili baada ya ibada ya pili tulikaa chini, wazee, akina mama na viongozi wa vijana. Michango ilikuwa ishaanza kuingia kwa simu, na kwa saa moja tulikuwa na elfu kumi na moja. Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Sikuona watu wabaya katika kile chumba. Niliona maoni matatu, na yote matatu yalikuja na Biblia mkononi. Nataka niyapitie moja moja, kwa sababu jambo hili litarudi. Ukianzia Githurai, upitie Kimbo, Juja, Witeithie hadi Makongeni kule Thika, tumeishi na Wakongomani, Warundi, Wasudani Kusini na Waethiopia. Wananunua kwetu, wanapanga nyumba zetu, wanaketi kwenye viti vyetu vya kanisa.

Njia ya kwanza: tulipe yaishe

Mama mmoja alisema tulipe usiku ule ule. Alisema selo si mahali pa kujifunzia theolojia. Akanigeukia akasema, "Pasta, wewe leo utalala kwako." Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani mtu yeyote anapaswa kuwa na jibu la haraka kwa neno kama hilo.

Lakini fungua Matendo 24. Liwali Feliki alimweka Paulo kifungoni Kaisaria, na Luka anatuambia wazi kwamba alikuwa akimwita mara kwa mara kuzungumza naye kwa sababu alitarajia pesa. Miaka miwili ikapita hivyo. Paulo hakuwa peke yake. Marafiki waliruhusiwa kumfikia na kumhudumia. Alikuwa amekuja Yerusalemu na michango ya makanisa, kwa hivyo alijua jinsi ndugu wanavyochanga. Ile bahasha haikutoka. Na Feliki alipoondoka kazini, alimwacha Paulo ndani.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na kuna jambo moja la sokoni ambalo linafaa hapa. Pesa ikilipwa mara moja, hiyo inakuwa bei. Leo ni elfu ishirini kwa huyu ndugu. Wiki ijayo ni elfu ishirini kwa mwenzake wa mjengo, ambaye hana kanisa la kumchangia.

Kuna hatari nyingine tusiyoiona. Mahakama inauliza umefanya nini. Bahasha inauliza una ngapi. Sasa niambie, kati ya mtu wa mjengo anayelipwa kwa siku na mtu anayesafirisha watu kimagendo, ni nani atatoka kwanza kwa njia ya bahasha? Yule mbaya ana pesa. Kwa hivyo hata anayeogopa kuhusu usalama wa nchi hii hana faida yoyote katika bahasha. Inamfungulia mlango yule yule tunayemwogopa, na inamwacha ndani yule asiye na kitu.

Pamoja na hayo, sikutaka kuamua mimi, kwa sababu yule mama alisema kweli: si mimi niliyekuwa nalala sakafuni. Tukamwomba mke wake akamwulize mwenyewe. Jibu lilirudi jioni. Alisema tusilipe. Alisema wakishajua bei yake, watakuwa wakimngoja kila mwisho wa mwezi.

Njia ya pili: tusiingilie

Mzee wetu mmoja, mtu mwaminifu ambaye nimejifunza mengi kwake, alisema kanisa lisijitie katika kesi ya mtu ambaye karatasi zake hazijakamilika. Alitaja Warumi 13, kwamba mamlaka imewekwa na Mungu. Kisha akatukumbusha Mei 4, 2014, mabasi mawili yalipolipuliwa hapa Thika Road. Akatukumbusha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa, wengi wao wanafunzi, na wauaji wakiwatafuta Wakristo. Chumba kilinyamaza.

Nasema kwa heshima: hofu hiyo si dhambi, na Warumi 13 ni Neno la Mungu. Lakini wacha tuulize, hapa Kenya mamlaka ni nani? Ni afande wa zamu peke yake? Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 2 kwamba inamfunga kila mtu na kila chombo cha dola. Jaji naye ni mamlaka. Polisi akikamata anatumia mamlaka, na jaji akimwuliza polisi kwa nini anatumia mamlaka ile ile. Anayemkimbia askari kwa miguu anaweza kuitwa mwasi. Anayevaa suti yake ya Jumapili, akapanda matatu hadi kortini, akainamisha kichwa jaji akiingia, huyo anaasi nini? Amejisalimisha kwa mamlaka kuliko sisi sote.

Na kuhusu usalama, tunao mfano wetu wenyewe. Aprili 2014, baada ya milipuko ya Eastleigh, serikali ilianzisha Operesheni Usalama Watch. Watu takriban 4,000 walikusanywa, na wengi wakazuiliwa pale Uwanja wa Kasarani, mahali tunapopita kila tukienda mjini. Walikuwemo wanawake na watoto, walikuwemo wakimbizi wenye karatasi halali, walikuwemo Wakenya. IPOA, chombo cha kusimamia polisi, kilichunguza na kutoa ripoti mwaka huo huo: watu walishikiliwa kupita muda wa sheria, na hongo ilikuwepo. Garissa ilikuja mwaka uliofuata. Sisemi operesheni ndiyo iliyoleta Garissa. Nasema kufunga watu wengi bila kuuliza ni nani amefanya nini hakukutupa usalama tulioahidiwa.

Njia ya tatu: mtu aulize kwa nini

Kijana mmoja wa kanisa letu anayesomea sheria alikuwa amekaa nyuma. Alisema kuna ombi linalopelekwa Mahakama Kuu, linaitwa kwa Kilatini habeas corpus. Akatueleza kwa urahisi: ni amri ya jaji kwa yeyote anayemshikilia mtu, kwamba amlete huyo mtu mwenyewe, mwili wake, mbele ya korti, na aseme amemfunga kwa sababu gani. Basi. Si amri ya kusema hana makosa, wala si kufuta sheria za uhamiaji. Jaji akishasikia sababu na akaona ni halali, mtu anarudi ndani. Asiposikia sababu, mtu anaenda nyumbani.

Nilipoelewa hivyo, nilifikiria jinsi tunavyohesabu sadaka. Katika kanisa hili hakuna mtu anayebeba kapu peke yake, akahesabu peke yake, akaandika peke yake. Wanakaa watatu na wanatia sahihi wote. Je, tunafanya hivyo kwa sababu mashemasi wetu ni wezi? Hapana. Tunafanya hivyo kwa sababu tunawapenda na hatutaki yeyote abebe jaribu hilo peke yake. Sasa ikiwa shilingi mia za sadaka zinahitaji macho ya watatu, mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, aliyefungiwa chumbani, anahitaji macho mangapi?

Biblia imejaa jambo hili. Mungu alijua Adamu yuko wapi, lakini aliuliza kabla ya kuhukumu. Habari za Sodoma zilipofika mbinguni, alisema atashuka aone mwenyewe. Nikodemo aliwauliza wenzake kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, wakamkejeli. Na Festo, liwali mpagani, alikiri mbele ya Agripa kwamba si jambo la akili kumpeleka mfungwa bila kuonyesha mashtaka yake. Kama Mrumi asiyemjua Mungu aliliona hilo, tusishindwe sisi.

Katiba yetu imeliandika. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa aambiwe upesi, kwa lugha anayoelewa, ni kwa nini amekamatwa. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, na zikiisha siku ambayo korti haikai, basi siku ya kwanza korti ikifunguliwa. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki ya kuomba habeas corpus. Na kifungu cha 25 kinataja mambo manne tu ambayo hayawezi kupunguzwa na sheria yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na hiyo habeas corpus.

Nne tu, na hii ni mojawapo. Haikufika pale kwa bahati. Wakenya wanakumbuka enzi za watu kuzuiliwa bila kesi. Kamiti iko hapa hapa jirani na Ruiru. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa mwisho wa 1977, akakaa humo karibu mwaka mzima bila kushtakiwa kwa lolote.

Lakini Paulo alikuwa raia

Mtu makini ataniuliza: Pasta, Paulo alidai haki yake kama raia wa Rumi. Huyu wetu si raia wa Kenya. Swali zuri.

Kwanza, soma kifungu cha 49 pole pole. Hakisemi raia aliyekamatwa. Kinasema mtu aliyekamatwa. Katiba inajua kutofautisha. Ikifika kwenye kura na pasipoti inasema raia. Ikifika kwenye selo inasema mtu.

Pili, Musa alisema hivyo zamani. Katika Kumbukumbu la Torati 1:16 anawaagiza waamuzi wahukumu kwa haki kati ya mtu na ndugu yake, na pia kati yake na mgeni aliye kwake. Na katika sura ya 27, yeye anayepotoa hukumu ya mgeni yuko katika orodha ya waliolaaniwa, na watu wote wakaambiwa waitikie Amina. Ile Amina tunayoipenda, iko hapo pia.

Sababu ambayo Mungu hurudia ni moja: Israeli nao walikuwa wageni Misri. Sisi Misri yetu haiko mbali. Waulizeni wazee wa Gatundu na Murang'a. Tangu miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika katika nchi hii alibeba kipande shingoni, akiulizwa karatasi juu ya udongo wa babu yake. Aprili 24, 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi, wakawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mmoja mmoja, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini Manyani, Mackinnon Road na kwingineko. Aliyefunikwa gunia kichwani alitikisa kichwa tu, na mtu akaenda. Hakukuwa na jaji wa kuuliza kwa nini. Kuna nyumba hapa Thika ambazo mpaka leo zinasimulia babu aliyetoka kutafuta kazi na kurudi baada ya miaka.

Na Misri nyingine iko sasa hivi. Ni wangapi hapa wana binti Saudia? Huko, mfanyakazi akimkimbia mwajiri anayemdhulumu, mwajiri anaweza kumripoti kuwa mtoro, na akishikwa anapelekwa kizuizini akingoja kurudishwa. Wengi waliorudi wamesimulia kukaa huko wiki na miezi bila kufikishwa mbele ya jaji. Mama, ukipiga magoti kwa ajili ya huyo binti, unaomba nini? Unaomba Mungu ainue mtu mmoja kule, hata asiyemjua, aulize: huyu msichana mmemfungia nini? Basi jua kuna mama Bukavu anayeomba hivyo hivyo, na mtu anayemwombea ainuliwe ni wewe.

Korti nayo si malaika

Sitaki mtu afikiri kwamba mahakama ni madhabahu. Imetenda mema makubwa. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambi za Dadaab na Kakuma. Shirika la Kituo Cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 26, 2013, Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Watu waliokuwa tayari wamefunga mizigo wakaifungua. Lakini mwaka uliofuata, amri inayofanana ilipotoka, Mahakama Kuu hiyo hiyo ilikataa ombi la kuizuia. Ukienda kuuliza, uwe tayari kusikia jibu usilolipenda.

Na kuna wakati korti inasema vizuri na hakuna anayesikia. Februari 2018 wakili Miguna Miguna alishikwa, akazungushwa vituo kadhaa, kimoja kikiwa Githunguri katika kaunti yetu. Siasa zake ziweke kando, mimi nasema juu ya utaratibu. Mahakama Kuu iliagiza aletwe mbele ya jaji. Badala yake, usiku wa Februari 6 alipandishwa ndege kwenda Kanada, eti si Mkenya. Ni mtu aliyezaliwa hapa. Machi alirudi, akazuiliwa uwanja wa ndege, akarushwa Dubai juu ya amri nyingine za korti. Desemba mwaka huo mahakama ilisema haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe zaidi ya shilingi milioni 7. Alirudi nyumbani Oktoba 2022.

Kwa hivyo usijidanganye kwamba jambo hili ni la wageni. Kitu cha kwanza ambacho mamlaka isiyoulizwa hufanya ni kukuita mgeni. Mlango wa selo ukizoea kufungwa bila sababu kwa Mkongomani, utafungwa vile vile kwa mtoto wa Kiambu.

Ilivyokwenda

Jumatatu asubuhi kijana wetu alitupeleka kwa wakili mmoja. Wakili aliandika barua ya ukurasa mmoja kwenda kituoni, akataja kifungu cha 49 na cha 51, akasema ndugu yetu asipofikishwa kortini, ombi la habeas corpus litawasilishwa Mahakama Kuu. Halikufika huko. Jumanne asubuhi alipelekwa mbele ya hakimu. Mkalimani akapatikana. Hakimu aliuliza swali lile lile moja, ameshikiliwa kwa nini tangu Alhamisi, na mwendesha mashtaka akaomba muda. Aliachiliwa kwa bondi, na idara ya wakimbizi ilipothibitisha kwamba jina lake liko katika rejista, kesi iliondolewa.

Haikuwa bure. Ndugu alilala selo usiku tano, na alipotoka kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Yule mama aliyetaka tulipe ndiye aliyewapelekea unga na mafuta. Zile elfu kumi na moja zililipa kodi yao ya mwezi. Mzee wetu bado haafikiani nami kwa kila jambo, lakini Jumanne alikuwa kortini, ameketi benchi ya pili.

Mtu ameniuliza: na kama kweli hangekuwa na karatasi yoyote? Jibu langu ni lile lile. Kuna vijana wa Kiethiopia wanaopatikana katika nyumba za huku Thika Road, wakipitishwa na walanguzi kuelekea Afrika Kusini. Wengine kweli wamevunja sheria, na sheria ya uhamiaji ya 2011 ina adhabu yake: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hakimu akitoa adhabu kwa haki, sina neno. Lakini hutokea mtu amekiri kosa kwa lugha asiyoielewa. Hutokea mtu amemaliza kifungo chake na bado yuko ndani akingoja kurudishwa kwao, na kungoja huko hakuna kalenda. Mwenye hatia naye ana haki ya kujua siku yake ya kutoka. Yesu alipotaja waliomtembelea kifungoni katika Mathayo 25, hakusema walioonewa peke yao.

Tufanye nini

Nne tu, na mzitie kwenye simu zenu.

Moja. Mtu wa ushirika wako akishikwa, andika siku, saa, kituo, na nambari aliyopewa kwenye kitabu cha matukio. Kumbukumbu ya saa ndiyo itakayohesabu zile 24.

Mbili. Nenda kituoni mkiwa wawili au zaidi, kwa adabu. Uliza swali moja: ameshikiliwa kwa sababu gani, na atafikishwa kortini lini? Usitukane afande. Wengi wao wanafanya kazi ngumu, na wengine ni washirika wetu.

Tatu. Usiogope kwamba huna pesa ya wakili. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kwenda kortini kwa niaba ya mwingine asiyeweza, na hakuna ada ya kufungua ombi kama hilo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Kituo Cha Sheria wamefanya kazi hii kwa miaka mingi.

Nne. Mgeni aliye katika ushirika wako, mwulize leo karatasi zake zinaisha lini, kabla hajaulizwa barabarani. Mpeleke akazihuishe mapema, na kama nauli imemshinda, ushirika wa nyumbani usaidie.

Na bahasha ibaki nyumbani.

Maombi ya wiki

Tuwaombee walio selo usiku huu ambao hakuna ajuaye waliko. Tuwaombee maafisa wa polisi na wa uhamiaji, wapewe moyo wa Festo anayetafuta sababu, si moyo wa Feliki anayengoja pesa. Tuwaombee mahakimu wetu wa Thika, Ruiru na Kiambu. Tuwaombee mabinti zetu walio nje, Bwana awainulie mtu wa kuuliza habari zao. Na tujiombee sisi wenyewe, ili ikifika asubuhi ya Filipi tuweze kusimama mlangoni kwa ajili ya Lidia anayebaki.

Mungu awabariki. Amina.